UCHAMBUZI: Gusii yajua kupanda miti, ila nani ataipogoa?

Kila alasiri wakati wa masika, mawingu yanapotoka upande wa Ziwa Victoria na kugota kwenye milima ya Manga na Kiabonyoru, wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira hutazama mambo mawili: anga, na miti iliyoinama juu ya mapaa yao. Upepo hutangulia mvua. Punde si punde stima hupotea, na pengine isirejee hadi kesho yake, kwa kuwa tawi la mkaratusi limeangukia waya mahali fulani kati ya Keroka na Kebirigo, au kati ya Suneka na Ogembo.

Ni kisa cha kawaida mno hivi kwamba hakihesabiwi tena kuwa habari, isipokuwa pale mti unapolalia nyumba yenye watu. Hata hivyo, nyuma yake kuna suala la sera ambalo serikali, za kitaifa na za kaunti, zimelikwepa kwa miaka mingi. Kenya imeweka bidii kubwa katika kupanda miti. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na Novemba 13, 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko kwa ajili ya shughuli hiyo. Mti uliokwisha kupandwa, ukakua na kuanza kuwatisha walio chini yake, haukutengewa siku yoyote.

Hakuna mahali ambapo pengo hilo linaonekana wazi kama katika nyanda za Gusii. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata wakazi 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa wastani, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba, kiwango kinachokaribia kile cha mitaa ya pembezoni mwa miji, ilhali hapa ni mashambani. Mashamba mengi hayafiki ekari mbili. Katika nafasi hiyo mkulima anatarajiwa kuwa na nyumba, jiko, zizi, migomba, majani chai, mahindi, nyasi za ng'ombe, makaburi ya wazee wake, na bado abaki na miti.

Umbo la mashamba yenyewe linazidisha ugumu. Ardhi ya Gusii iligawanywa kwa vipande virefu vyembamba vinavyoanzia barabarani, juu mgongoni mwa kilima, na kuteremka hadi mtoni bondeni. Nyumba hujengwa juu karibu na barabara, na ndiko nyaya za stima hupita. Miti nayo hupandwa mahali ambapo haitakula shamba: mpakani na jirani, au chini kabisa ukingoni mwa mto. Kwa hivyo mpaka umekuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Ni alama ya urithi, ni msitu wa familia, na tangu mpango wa kuunganishia wananchi stima ulipoanza mwaka wa 2015 ukilenga kila boma lililo umbali wa mita 600 kutoka kwa transfoma, ni njia ya nyaya pia. Katika vijiji vingi miti ilitangulia, waya ukaja baadaye ukapitishwa kando yake. Kwingine waya ulitangulia, na miche ikapandwa moja kwa moja chini yake na mtu ambaye hakufikiria itakuwa na urefu gani baada ya miaka minane.

Na mkaratusi hukua upesi. Mti huu uliletwa nchini mwaka wa 1902 kutoka Australia ili kutoa kuni za kuendeshea garimoshi la reli ya Uganda. Reli iliacha kutumia kuni zamani, lakini mti ukapata wateja wapya. Viwanda vya majani chai vya Gusii, vikiwemo Nyansiongo, Sanganyi, Kebirigo na Tombe upande wa Nyamira, na Nyamache, Kiamokama, Itumbe na Ogembo upande wa Kisii, hukausha chai kwa mvuke unaochemshwa kwa kuni, na kuni hizo kwa sehemu kubwa ni za mkaratusi. Wajenzi wa ghorofa mjini Kisii huhitaji vigingi vya kushikilia saruji inapokauka. Nguzo za stima zenyewe, kabla ya zile za zege kuanza kuonekana, zilikuwa mikaratusi iliyopakwa dawa. Mzazi anayetafuta karo Januari huuza miti mitano na kulipa. Yeyote anayewaambia wakulima wa Gusii waukate mkaratusi bila kutaja karo atakuwa hajaelewa anazungumza na nani.

Thamani hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini miti ya hatari haiguswi. Mwenye mti husubiri unenepe, maana shina nene huleta pesa zaidi, na kila mwaka anaongeza subira. Mti uliopandwa hatua tano kutoka kwa nyumba ukiwa mche unafikia mita 20 na kupita huku bado ukihesabiwa kama akiba. Amri ya Februari 2018 iliyosimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii haikuyahusu mashamba ya watu binafsi, lakini ilifanya mbao kuadimika na kuwasukuma wafanyabiashara vijijini. Wenye haraka waliuza miti michanga. Wengine walizidi kusubiri bei, na miti ikazidi kurefuka juu ya mabati.

Kitaalamu, hatari ya mkaratusi haitokani na urefu pekee. Ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na hiyo ni sifa nzuri kwa mwenye kutaka kuni. Lakini machipukizi hayo hushikwa na tabaka jembamba la mti mpya lililo kando ya kisiki cha zamani, si na moyo wa shina. Yakiachwa yote yakue pamoja, kila moja huvuta upande wake, kisiki huoza katikati, na siku ya upepo mkali moja au mawili hubanduka kama kwamba hayakuwahi kushikana na chochote. Ushauri wa wataalamu wa misitu ni kubakisha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na kuondoa mengine mapema. Ni kazi ya asubuhi moja kwa panga. Wanaoifanya ni wachache.

Kosa kubwa zaidi ni kukata kichwa cha mti. Mti ukishaogofya, kijana huitwa, hupanda na panga, hukata ncha yote na kuacha gogo lililosimama kama mlingoti. Mwenye nyumba hulala kwa amani mwaka huo. Baada ya miaka mitatu gogo limefunikwa na matawi mapya yaliyoota juu ya jeraha linalooza, mazito kuliko yale ya kwanza na yenye mshiko dhaifu. Msaiprasi haustahimili hata hivyo, kwa sababu haukubali kuchipua kwenye sehemu kuu kuu. Ukikatwa kichwa na matawi yote ya kijani, hufa ukiwa umesimama. Miti mingi ya aina hiyo ilikwisha kudhoofika tangu vidukari vya msaiprasi vilipoingia nchini mwaka wa 1990 na kukausha nyua na misitu, na mingine iliyokauka huachwa ikisubiri kuanguka yenyewe. Mgrevilia ndio unaovumilia kupunguzwa sana, na pengine ndiyo sababu maafisa wa kilimo huupendekeza kwa mashamba madogo.

Mengi ya yanayojulikana leo kuhusu namna mti unavyopona yalitokana na kazi ya Mmarekani Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefariki mwaka wa 2006 baada ya kupasua maelfu ya mashina kwa msumeno ili aone ndani. Alionyesha kwamba mti hauponi kama mwili wa mnyama. Haujengi upya sehemu iliyojeruhiwa, bali huizingira kwa kuta na kuendelea kukua nje yake. Kuta hizo zina nguvu zaidi pale tawi linapoungana na shina, penye uvimbe unaofanana na kola ya shati. Ukikata nje kidogo tu ya uvimbe huo, mti hujifunga wenyewe. Ukikata ndani yake, umevunja ukuta. Ukiacha kisiki kirefu cha tawi, umefungulia uozo mlango. Aidha, alionyesha kuwa kupaka jeraha rangi au lami, jambo linalofanywa hadi leo na watu wenye nia njema, hakuzuii uozo.

Tawi zito nalo halikatwi mara moja. Kwanza hukatwa kidogo kutoka chini, umbali wa hatua moja kutoka kwa shina. Kisha hukatwa kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, ili lianguke bila kuchuna gamba la shina. Kipande kilichobaki ndicho hukatwa mwisho, penye kola. Anayelikata kutoka juu kwa pigo moja huona tawi likining'inia na kurarua ngozi ya mti hadi chini, au likirudi kwa kasi upande aliko yeye.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa Gusii si wageni wa kupogoa. Huenda hakuna jamii nchini inayopogoa kwa nidhamu zaidi. Mkulima wa majani chai hugawa shamba lake na kupogoa sehemu kwa zamu, kila kichaka kikifikiwa baada ya miaka mitatu au minne, mara nyingi wakati wa baridi ya Julai. Anajua kimo, anajua mwelekeo wa panga, anajua kwamba blanketi la matawi yaliyokatwa linapaswa kubaki shambani lirutubishe udongo na kukinga mizizi dhidi ya jua. Mwenye kahawa anajua vivyo hivyo. Mwenye miparachichi ameanza kujifunza, kwa vile mti mfupi wenye nafasi katikati huchumwa bila mtu kupanda juu na hupata ugonjwa mchache. Tofauti ni kwamba chai ina kiwanda, afisa wa nyanjani, na bonasi ya mwisho wa mwaka inayomwadhibu mzembe. Mti ulio juu ya jikoni hauna afisa.

Nyaya ndizo zenye sheria iliyo wazi zaidi. Sheria ya Kawi ya 2019, kama ile ya 2006 iliyoitangulia, inaipa kampuni ya kusambaza umeme uwezo wa kumtaka mwenye shamba apunguze mti unaotatiza laini, na akikosa kufanya hivyo kampuni yenyewe huweza kuukata. Laini kubwa, kama ile ya kilovolti 132 inayotoka Chemosit hadi Kisii, huachiwa ukanda mpana usio na miti wala nyumba. Taabu iko kwenye laini ndogo za vijijini, ambazo ni nyingi na hukatiza kila mpaka. Makundi ya kandarasi hufika, hukata upande unaoelekea waya tu, na kuondoka. Mti uliobaki na matawi upande mmoja hulemea upande huo, na aghalabu upande huo ndio wenye nyumba. Kampuni imelinda waya wake. Mwenye nyumba ameachiwa mti ulioegemea kwake na lundo la matawi.

Wala asithubutu kuumaliza mwenyewe. Mti mbichi hupitisha umeme, na uliolowa mvua hupitisha zaidi. Aliye juu ya mti akigusisha tawi kwenye waya wa volti 11,000 hahitaji kuugusa waya wenyewe ili afe. Tena waya ulioanguka chini si lazima uwe umezimika, kwani kwenye ardhi kavu fyuzi huenda isikatike, na waya ukabaki na uhai wote huku ukionekana kama kamba iliyotupwa. Kenya Power hupokea ripoti kupitia nambari 97771, na kila mtu hupaswa kukaa mbali, angalau mita 10, hadi mafundi wathibitishe kwamba laini imezimwa.

Wanaobeba hatari kubwa zaidi katika biashara hii yote ni vijana wa kupanda miti. Kila soko lina wawili au watatu wanaojulikana. Hupanda peku, panga likiwa limechomekwa kiunoni, wakijishikilia kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Wenye msumeno wa injini, ule watu huuita pawa-so, huwa chini wakisubiri kugawa magogo. Kamba ikipatikana, ni ya kuelekeza mti uangukie wapi, si ya kumshika mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, zote za 2007, zinamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi na kuwa na bima kwa ajili yao. Lakini nani ni mwajiri wa kijana aliyeitwa na mjane akatiwe tawi kwa mia chache na chakula cha mchana? Akianguka, hospitali humuuliza jina la mtu wa karibu, si la bima.

Ugomvi wa majirani ni sura nyingine ya jambo hilo hilo. Mti uko kwangu, kivuli kiko kwako, na mahindi yako yamekuwa manjano. Kanuni za Kilimo kuhusu miti ya mashambani za mwaka wa 2009 zilimtaka kila mwenye ardhi ya kilimo atenge asilimia 10 kwa miti, zikasema pia miti hiyo isidhuru vyanzo vya maji, mimea, rutuba wala majirani. Kuhusu tawi linalovuka mpaka, mahakama za Kenya hurithi msimamo wa kale wa Uingereza. Katika kesi ya Lemmon dhidi ya Webb, Mabwana wa Bunge la Uingereza waliamua mwaka wa 1894 kwamba jirani anaweza kukata tawi lililoingia kwake bila hata kumpa mwenye mti notisi, mradi asivuke mpaka kufanya hivyo. Kwa kuwa Sheria ya Mahakama nchini hupokea sheria ya desturi ya Uingereza kama ilivyokuwa Agosti 12, 1897, uamuzi huo ulitangulia tarehe kwa chini ya miaka mitatu. Vijijini, bila shaka, hakuna amtajaye Lemmon. Husemwa mbele ya chifu au wazee wa ukoo, na hoja yenye uzito ni kwamba mti huo ulipandwa na marehemu baba kama alama ya mpaka. Kuuondoa ni kufungua upya urithi. Hii ndiyo sababu kumwomba jirani apogoe kunaweza kukubaliwa pale ambapo kumwomba akate kungeleta vita.

Bondeni, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, na tangu hapo agizo hilo limerudiwa na viongozi kadhaa. Kanuni za maji hulinda ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka kwa mto. Gucha na vijito vyake vingi huanzia katika milima hii hii, hivyo agizo lilikuwa na msingi. Lakini wengi walitii kwa kukata tu, na mkaratusi uliokatwa bila kisiki kuuawa ni mkaratusi uliopogolewa. Ulirudi ukiwa na mashina manne badala ya moja. Waliotii kabisa nao walihamishia miche mipya mahali pekee palipobaki, yaani juu, karibu na nyumba na nyaya.

Upo upande wa pili wa mizani, na si haki kuusahau. Mti unaoua ni nadra. Nchini Uingereza, utafiti uliotumiwa kuandaa mwongozo wa kitaifa wa usalama wa miti mwaka wa 2011 ulikadiria kwamba uwezekano wa mtu kuuawa na mti kwa mwaka ni kama mmoja kwa milioni 10. Hofu isiyo na kipimo huweza kuliacha boma wazi kwa jua, upepo na mmomonyoko, hasara ambazo Gusii inazijua vyema. Ila hesabu ya Uingereza ni ya nchi yenye wakaguzi wa miti na nyumba za matofali. Na hata penye wakaguzi, mti mmoja waweza kuangamiza wengi. Agosti 15, 2017 mwaloni mkubwa uliwaangukia waumini waliokusanyika kwa sherehe ya kidini huko Funchal, kisiwani Madeira, ukaua watu 13.

Funchal inakumbusha kwamba kinachopaswa kukaguliwa kwanza si mti mrefu kuliko yote, bali ule ambao watu hukaa chini yake. Gusii, huo ni mti wa shule, wa kanisa, wa soko na wa kituo cha matatu. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na wanafunzi wakishikwa na mvua uwanjani hukimbilia chini ya miti. Radi ikipiga mti huweza kurukia aliye karibu au kusambaa ardhini kupitia mizizi. Kupogoa hakuzuii radi, na mwalimu anayedhani ameondoa hatari kwa kufupisha mti anajidanganya. Kinachofaa ni kuwazoesha watoto kukimbilia darasani. Lakini matawi makavu, shina lenye tundu, uyoga unaoota kwenye mizizi na ardhi iliyoinuka upande mmoja wa mti ni dalili ambazo mwalimu yeyote aweza kuziona bila shahada ya misitu.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti utekelezaji wa sera za misitu na hifadhi ya udongo na maji. Mengi ya yanayohitajika hayana gharama ya kuzitisha Kisii na Nyamira: orodha ya miti iliyo katika shule na masoko, ukaguzi kabla ya masika, mafunzo na kamba za usalama kwa wapanda miti wa kila wadi, na makubaliano na Kenya Power kwamba mti utakaokatwa upande mmoja usawazishwe upande wa pili. Maafisa wa nyanjani wa majani chai tayari huwafikia wakulima, na wangeweza kutazama juu kidogo wanapokagua vichaka.

Julai, baridi inapoingia, mapanga yananolewa Nyamache na Nyansiongo kwa ajili ya chai. Masika yanakuwa yameisha na mashina yamekauka kidogo, hali inayompa mpandaji mshiko. Kutoka hapo hadi mvua nyingine kubwa Machi ni miezi minane.